Jinsi ya Kusoma Makala ya Utafiti Nje ya Fani Yako: Mwongozo Kamili, Kuanzia Fizikia hadi Elimu

Mwalimu wa fizikia anataka kujua kama mbinu fulani ya kufundishia inafaa kweli. Mhandisi anabuni kifaa cha kupimia damu na inambidi asome biolojia. Mwanafunzi wa uzamili amepewa mada iliyokaa katikati ya fani mbili. Wote watatu wana shida moja: makala iko mbele yao, istilahi wanaweza kuzitafuta moja moja, lakini hawajui waiamini kiasi gani. Katika fani uliyosomea, unajua bila kuambiwa mahali ambapo watu huteleza. Ukivuka mpaka wake, hisia hiyo haikufuati.

Mwongozo huu unasimama juu ya hoja moja. Kila fani ina mitego yake, na kwa miaka mingi imejijengea kinga dhidi ya mitego hiyohiyo. Mtu wa biolojia akisoma makala ya astronomia huku akitafuta kundi dhibiti, yaani kundi la kulinganishia lisilopewa matibabu, atakasirika bure, kwa sababu hakuna awezaye kuiwekea nyota kundi dhibiti. Mtu wa fizikia akisoma makala ya elimu na kuona matokeo yanayotawanyika sana anaweza kuidharau, ilhali mtawanyiko huo ni hali halisi ya darasa. Kwa hiyo kazi yako kama msomaji wa nje ni kuujua mtego wa fani husika, kisha kuangalia kama waandishi wameuona na wamefanya nini juu yake.

Hatua ya 1: Andika swali lako kabla ya kufungua makala

Liwe sentensi moja, kwenye karatasi. "Je, wanafunzi wanaofanya majaribio kwa vikundi wanaelewa mekanika vizuri kuliko wanaosikiliza mhadhara?" Swali likiwa wazi, utajua baada ya dakika kumi kama makala inalijibu au inajibu jirani yake. Makala nyingi hujibu jirani. Inapima kama wanafunzi walifurahia somo, wewe unauliza kama walielewa.

Hatua ya 2: Jua toleo ulilo nalo mkononi

Kuna nakala ya awali, ambayo mwandishi ameiweka mtandaoni kabla wataalamu wenzake hawajaipitia, na kuna makala iliyopitiwa na kuchapishwa na jarida. Katika fizikia na astronomia, nakala za awali ni jambo la kila siku tangu Paul Ginsparg alipoanzisha hazina ya arXiv mwaka 1991. Biolojia ilifuata baadaye sana: bioRxiv ilifunguliwa mwaka 2013. Katika baadhi ya matawi ya uhandisi, hasa ya kompyuta, makala ya mkutano hupitiwa kwa ukali na kuheshimiwa kama ya jarida, kwa hiyo usiikatae kwa sababu tu haikutoka kwenye jarida.

Usichukulie nakala ya awali kuwa dhaifu, wala ile iliyopitiwa kuwa kweli tupu. Wanaopitia makala husoma kilichoandikwa. Ni nadra sana kurudia jaribio lenyewe.

Kisha angalia kama makala imeondolewa. Januari 2014 jarida la Nature lilichapisha makala mbili zilizodai kwamba seli za kawaida zikitiwa kwenye tindikali hafifu hugeuka kuwa seli shina, zinazoweza kukua kuwa seli za aina nyingine. Habari zilienea dunia nzima, na Julai mwaka huohuo makala zote mbili ziliondolewa. Faili uliyoihifadhi kwenye kompyuta haitakuambia hilo. Kwa hiyo fungua ukurasa wa makala kwenye tovuti ya jarida siku unapoisoma, si siku ulipoipakua, utazame kama kuna tangazo la kuondolewa, la masahihisho au la wasiwasi wa wahariri. Hazina za fani husaidia pia: PubMed kwa biolojia na tiba, ADS ya NASA kwa astronomia, INSPIRE kwa fizikia ya chembe, ERIC kwa elimu.

Hatua ya 3: Usisome kutoka juu kwenda chini

Makala imepangwa kwa mantiki ya mwandishi anayetaka kukushawishi. Wewe pita njia nyingine. Soma ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni, ili ujue mada. Ruka utangulizi. Nenda kwenye picha, grafu na majedwali, pamoja na maelezo yaliyo chini yake, ujaribu kusema mwenyewe zinaonyesha nini. Kisha soma mbinu, polepole kuliko sehemu nyingine yoyote. Matokeo baada ya hapo. Mjadala na utangulizi viwe vya mwisho.

Sababu ni hii: mjadala ndiko waandishi hupanua maana ya walichokipata, na ukishausoma ni vigumu kuitazama grafu kwa macho yako mwenyewe. Kabla ya kuufikia, andika sentensi moja ya kile kilichopimwa. Siyo kilichohitimishwa. "Walipima alama za mtihani wa maswali 30 wiki moja baada ya somo" ni kipimo. "Mbinu hii inaboresha ujifunzaji" ni hitimisho. Pengo kati ya sentensi hizo mbili ndilo utakalolichunguza katika hatua zinazofuata.

Hatua ya 4: Hesabu sampuli ya kweli

Kama una muda wa hatua moja tu, chukua hii. Tarakimu inayotajwa kwenye ikisiri mara nyingi si idadi ya ushahidi ulio huru.

Anza na biolojia. Mtafiti ana panya watatu waliopewa dawa na watatu wasiopewa. Kutoka kwa kila panya anapima seli 200. Kwenye grafu utaona "n = 600" kwa kila kundi, na tofauti inaonekana thabiti kabisa. Lakini seli za panya mmoja zinafanana kwa sababu ni za panya mmoja. Dawa ilitolewa kwa panya, haikutolewa kwa kila seli peke yake, kwa hiyo ushahidi huru ni panya watatu dhidi ya watatu. Ukiwapima seli 2,000 kila mmoja, bado ni watatu. Kanuni inayofaa kila mahali: tafuta kitu kilichogawiwa matibabu, uhesabu hicho.

Katika elimu kosa hilohilo huvaa nguo nyingine. Mbinu mpya inajaribiwa kwenye madarasa kumi, kila darasa wanafunzi 40, jumla 400. Wanafunzi wa darasa moja wanashiriki mwalimu, ratiba, kelele za nje, hata mzaha wa mwenzao mmoja. Kuna hesabu rahisi ya kupunguza idadi hiyo: chukua ukubwa wa darasa, toa moja, zidisha kwa kiwango (kati ya 0 na 1) ambacho wanafunzi wa darasa moja wanafanana, kisha ongeza moja. Kiwango hicho kikiwa 0.2, ambacho si cha ajabu kwa alama za mitihani, unapata 39 mara 0.2, yaani 7.8, na ukiongeza moja ni 8.8. Gawa 400 kwa 8.8. Unabaki na wanafunzi kama 45. Utafiti uliotangazwa kuwa wa watu 400 una nguvu ya utafiti wa watu 45, na kama waandishi hawakufanya hesabu inayozingatia madarasa, uhakika wanaoudai ni mkubwa kuliko walio nao.

Fizikia ina sura yake. Kurudia kipimo mara elfu kunapunguza makosa ya bahati nasibu, lakini kosa lililo ndani ya kifaa hurudi mara zote elfu. Septemba 2011 kundi la OPERA lilitangaza kwamba neutrino, chembe ndogo mno, zilizosafiri kilomita kama 730 kutoka CERN, kituo cha utafiti wa chembe karibu na Geneva, hadi maabara ya Gran Sasso, Italia, zilifika takriban nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga ungefika. Takwimu zilikuwa nzuri, na matukio yalikuwa maelfu. Mwanzoni mwa 2012 ikabainika kwamba kebo ya faiba iliyobeba ishara ya saa haikuwa imekazwa sawasawa. Hakuna wingi wa neutrino ambao ungeifichua kebo ile. Nawaheshimu watafiti wale kwa jambo moja: walipotangaza, waliomba wenzao watafute kosa, nao wenyewe wakaendelea kulitafuta.

Katika uhandisi, uliza kama vilipimwa vifaa kumi mara tano au kifaa kimoja mara hamsini. Cha pili kinakuambia juu ya kifaa hicho kimoja tu. Kuhusu namna ya kukitengeneza tena, hakikuambii kitu.

Hatua ya 5: Tambua mtego wa fani

*Fizikia.* Mitego mikubwa ni miwili: makosa ya kimfumo, ambayo nimeyagusa, na kutafuta mahali pengi. Ukiangalia grafu yenye sehemu mia, moja itainuka kwa bahati tu. Ndiyo maana fizikia ya chembe ilijiwekea kiwango cha sigma 5 kabla ya kutamka neno ugunduzi (sigma hupima tokeo liko mbali kiasi gani na kile ambacho bahati tu ingeleta); uwezekano wa mwinuko wa bahati kufika huko ni kama 1 kati ya milioni 3.5. Chembe ya Higgs ilipotangazwa CERN tarehe 4 Julai 2012, makundi mawili yenye vigunduzi tofauti, ATLAS na CMS, yalikuwa yamefika kiwango hicho kila moja kwa data yake. Uhuru wa makundi hayo una uzito sawa na sigma zenyewe.

Kinga nyingine ya kutafuta ndani ya makala ni uchambuzi wa kufumba macho. Katika jaribio la muoni (chembe jamaa ya elektroni, ila nzito zaidi) kwenye maabara ya Fermilab, Marekani, mwendo wa saa iliyotumika kupimia ulibadilishwa kwa kiasi cha siri kilichotunzwa na watu wasio katika kundi la watafiti. Wachambuzi walimaliza kazi yote bila kujua jibu lao linaelekea wapi, na siri ikafunguliwa mwanzoni mwa 2021, hapo tu wakaona tokeo. Namna hiyo ya kujizuia inanipa imani kuliko kurasa nyingi za milinganyo. Katika makala ya fizikia, nenda moja kwa moja kwenye jedwali la makosa ya kimfumo. Kama halipo, uliza kwa nini.

*Astronomia.* Hapa hakuna majaribio, kuna kutazama. Mtego wa kwanza ni kwamba tunaona kile kinachoonekana. Sayari za kwanza kugunduliwa kwenye nyota zinazofanana na Jua, kuanzia 51 Pegasi b iliyotangazwa na Michel Mayor na Didier Queloz mwaka 1995, zilikuwa kubwa na zilizunguka karibu mno na nyota zao. Sababu ni kwamba sayari za aina hiyo hutikisa nyota kwa nguvu na kwa haraka, hivyo ndizo rahisi kuzipata. Mtu angedhani ulimwengu umejaa sayari za namna hiyo. Kila unaposoma "asilimia kadhaa ya galaksi zina sifa hii", jiulize ni galaksi zipi zisingeweza kuingia kwenye orodha hata kama zipo.

Mtego wa pili ni kitu kilichosimama katikati. Machi 2014 kundi la BICEP2, lililotumia darubini iliyoko Ncha ya Kusini, lilitangaza kuona alama ya mawimbi ya uvutano ya mwanzo wa ulimwengu. Darubini ilitazama masafa mamoja tu ya mawimbi, gigahezi 150, na kwa masafa mamoja ni vigumu kutofautisha alama hiyo na mwanga unaotoka kwenye vumbi la galaksi yetu. Data za setilaiti ya Planck zilipounganishwa na zao mwaka 2015, vumbi lilitosha kufanya dai lile lisisimame tena. Na wakati mwingine kilicho katikati kiko karibu zaidi: kwenye darubini ya redio ya Parkes, Australia, kulikuwa na milipuko mifupi ya redio iliyowashangaza watu kwa miaka, hadi mwaka 2015 ilipobainika kuwa inatoka kwenye maikrowevu ya hapohapo kituoni, mlango ukifunguliwa kabla haijamaliza kazi.

Kinga za astronomia ni kutazama kwa masafa mengi, kwa vyombo vilivyo mbali, na kwa timu zisizoonyeshana kazi. Tarehe 14 Septemba 2015 vigunduzi viwili vya mawimbi ya uvutano vya LIGO, Marekani, vilivyotenganishwa na kilomita kama 3,000, vilipata wimbi lenye umbo lilelile kwa tofauti ya milisekunde kama 7, muda unaowezekana kwa kitu kinachosafiri kwa kasi ya mwanga. Picha ya kivuli cha shimo jeusi la galaksi ya M87, iliyotolewa Aprili 2019, ilitengenezwa kwanza na timu nne zilizofanya kazi bila kuonyeshana. Soma makala ya astronomia ukitafuta mambo ya namna hii.

*Biolojia.* Uhai hutofautiana. Panya wawili wa ukoo mmoja hawafanani, na seli ileile hubadilika kwa joto, kwa chakula, kwa mkono wa anayeitunza. Kiwango cha kawaida cha biolojia ni p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu, kama hakuna athari ya kweli) chini ya 0.05, legevu mno ukilinganisha na cha fizikia ya chembe, na hilo linaeleweka kwa sababu panya na wagonjwa hawapatikani kwa mabilioni. Lakini angalia hesabu: ukifanya vipimo 20 visivyohusiana na hakuna athari yoyote ya kweli, uwezekano wa angalau kimoja kupita chini ya 0.05 ni takriban asilimia 64. Kwa hiyo hesabu vipimo vyote vilivyotajwa kwenye mbinu na viambatisho, uone ni vingapi vilifika kwenye ikisiri. Kama utafiti ulisajili mpango wake kabla ya kuanza, linganisha mpango huo na kilichochapishwa. Hapo ndipo kipimo kikuu huonekana kimebadilishwa njiani.

Jambo la pili ni utambulisho wa nyenzo. Seli za HeLa, zilizochukuliwa kwa mgonjwa wa saratani Henrietta Lacks mwaka 1951, hukua kwa nguvu kiasi kwamba huvamia tamaduni nyingine za maabara, yaani seli zinazokuzwa kwenye vyombo. Mwaka 1966 Stanley Gartler alionyesha kwamba tamaduni kadhaa zilizodhaniwa kuwa za viungo mbalimbali zilikuwa HeLa. Tafuta sentensi inayosema seli zilithibitishwa kwa DNA. Ni fupi, na mara nyingi imefichwa mwishoni mwa mbinu.

Hata majedwali yana hatari yake. Programu za lahajedwali ziligeuza majina ya jeni kama SEPT1 na MARCH1 kuwa tarehe, na mwaka 2020 jopo linalosimamia majina hayo likayabadilisha kuwa SEPTIN1 na MARCHF1. Ukipakua data za zamani, chungulia safu ya majina kabla ya kuzitumia.

*Uhandisi.* Swali la mhandisi ni "inafanya kazi?", na mtego uko kwenye hali ambayo ilifanyia kazi. Seli za jua za peroviskaiti (nyenzo zenye muundo maalumu wa fuwele) zilianza na ufanisi wa asilimia 3.8 mwaka 2009 na sasa zimepita 25 kwenye maabara. Maendeleo hayo ni ya kweli na yanafurahisha. Lakini rekodi nyingi ni za vipande vidogo visivyofika sentimita moja ya mraba, na suala la kudumu kwenye unyevu na joto ni tofauti kabisa na la ufanisi. Paneli za silikoni kwa kawaida hupewa dhamana ya miaka 25. Katika kila makala ya uhandisi andika mambo manne: ukubwa wa kifaa kilichopimwa, muda wa jaribio, mazingira yake, na kilicholinganishwa nacho. Hilo la mwisho hupuuzwa sana. Mfumo mpya hulinganishwa na mfumo wa zamani ambao haukurekebishwa vizuri, na ushindi unakuwa rahisi.

Angalia pia vizio kila sehemu mbili zinapokutana. Chombo cha Mars Climate Orbiter kilipotea Septemba 1999 kwa sababu programu moja ya ardhini ilitoa msukumo kwa pauni-nguvu, na iliyoupokea ikausoma kama nyutoni. Tofauti yake ni karibu mara 4.45.

*Elimu.* Naichukulia kuwa fani ngumu kuliko zote tano, ingawa watu wa fani nyingine huidhania nyepesi. Mwalimu anajua kama yuko kwenye kundi la majaribio. Wanafunzi wanajua. Kitu kipya huamsha bidii kwa sababu tu ni kipya. Mwalimu anayejitolea kujaribu mbinu mpya huwa ndiye mwenye ari tangu zamani. Kwa hiyo uliza makundi yaligawanywaje. Mradi wa STAR, ulioanza Tennessee, Marekani, mwaka 1985, uliwagawa wanafunzi na walimu kwa bahati nasibu ndani ya shule zilezile, kwenye madarasa madogo ya watoto 13 hadi 17 au ya kawaida ya 22 hadi 25. Ulihusisha zaidi ya wanafunzi 11,000 na bado unanukuliwa, hasa kwa sababu ya mgawanyo ule. Udhaifu wake nao unajulikana: baadhi ya watoto walihama darasa au shule kabla mradi haujaisha. Tafuta kwenye makala yoyote ya elimu idadi ya walioanza na ya waliomaliza, kwa kila kundi.

Kisha soma mtihani wenyewe. Mtihani uliotungwa na mtafiti kwa ajili ya mbinu yake utaipendelea mbinu hiyo, hata kama hakukusudia. Mfano mzuri wa njia nyingine ni mtihani wa dhana za nguvu uliochapishwa mwaka 1992, ambao vyuo vingi viliutumia bila kuubadilisha. Kwa kutumia mitihani ya aina hiyo, Richard Hake alikusanya mwaka 1998 alama za zaidi ya wanafunzi 6,000 wa mekanika. Madarasa ya mihadhara yalipata kwa wastani kama asilimia 23 ya ongezeko lililowezekana. Yale ambayo wanafunzi walijadiliana na kujaribu yalipata 48. Haukuwa mgawanyo wa bahati nasibu, na walimu walituma data wenyewe, kwa hiyo kuna nafasi ya upendeleo. Ila kipimo kilikuwa kile kile kwa wote. Mwaka 2014 uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati ukaonyesha mwelekeo huohuo: wanafunzi wa mihadhara mitupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara 1.5 ya wenzao.

Hatua ya 6: Fanya hesabu moja wewe mwenyewe

Moja inatosha. Angalia kwanza vijiti vya makosa kwenye grafu vinawakilisha nini, maana vinaweza kuwa mkengeuko sanifu (mtawanyiko wa alama zenyewe), kosa sanifu (shaka iliyo kwenye wastani), au mipaka ya asilimia 95 (eneo ambamo wastani wa kweli unatarajiwa kuwemo), na ukubwa wake hutofautiana sana. Darasa la wanafunzi 25 lenye mkengeuko sanifu wa alama 10 lina kosa sanifu la 2, kwa sababu unagawa 10 kwa kipeuo cha pili cha 25. Mipaka ya asilimia 95 ni kama alama 4 kila upande. Grafu ileile inaweza kuwa na kijiti cha 10, cha 2 au cha 4. Kama maelezo hayasemi ni kipi, usitafsiri tofauti kati ya nguzo mbili.

Halafu tenganisha ukubwa wa athari na uhakika kwamba ipo. Sampuli kubwa huweza kuthibitisha tofauti ya nusu alama, ambayo haina faida kwa mwalimu yeyote. Na ukikutana na asilimia, rudi kwenye idadi: hatari iliyopanda kutoka watu 2 hadi 3 kwa kila 1,000 imeongezeka kwa asilimia 50, na pia imeongezeka kwa mtu mmoja kati ya elfu. Kauli zote mbili ni sahihi. Uamuzi wako unahitaji ya pili.

Hatua ya 7: Fuatilia yaliyotokea baadaye

Marejeleo yaliyo mwishoni yanakurudisha nyuma. Unachohitaji ni kwenda mbele. Google Scholar na hazina nilizotaja huorodhesha kazi zilizoinukuu makala yako. Usihesabu nukuu. Tafuta zile zilizojaribu kurudia jaribio, usome hizo hata kabla ya kumaliza ya kwanza. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia: asilimia 97 za makala za awali zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu, na katika marudio ni asilimia 36. Elimu hukopa sana kutoka saikolojia, kwa hiyo hatua hii ina uzito zaidi huko.

Kama hakuna aliyerudia, angalia kama matokeo yanaungwa mkono na njia tofauti kabisa ya kupima. Njia mbili zenye udhaifu usiofanana zikikubaliana, hilo ni jambo kubwa.

Hatua ya 8: Andika uamuzi wako kwenye ukurasa mmoja

Juu weka swali lako la hatua ya kwanza. Chini yake: kilichopimwa, sampuli ya kweli, mtego wa fani na kinga iliyowekwa, ukubwa wa athari pamoja na mipaka yake, na hali ya marudio. Malizia kwa kueleza tokeo gani jipya lingekufanya ubadilishe mawazo. Usiandike "imethibitishwa" au "si kweli". Andika unachoweza kufanya kwa ushahidi huo: kujaribu mbinu kwa muhula mmoja, kujenga kifaa cha mfano, au kusubiri. Weka tarehe, kwa sababu baada ya mwaka utataka kujua ulisoma toleo gani.

Hatua ya 9: Waulize waandishi

Makala nyingi zina anwani ya barua pepe ya mwandishi wa kuwasiliana naye, na watafiti wengi hufurahi kupata msomaji makini. Barua iwe fupi. Taja ukurasa au namba ya picha, eleza ulichoelewa, uliza swali moja linalojibika kwa sentensi chache: "Kwenye Picha ya 3, je, vijiti ni kosa sanifu?" au "Je, mgawanyo ulifanywa kwa mwanafunzi au kwa darasa?" Ukiomba data, sema utazitumia kwa nini, na kwanza hakikisha hazipo tayari kwenye hazina iliyotajwa mwishoni mwa makala. Mwandishi wa kuwasiliana akiwa amehamia taasisi nyingine, namba yake ya ORCID, yaani kitambulisho cha kudumu cha mtafiti, ikiwa imetajwa kwenye makala, mara nyingi itakuonyesha aliko sasa.